Maneno ya Mama Niliyoyageuza

Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa na hajawahi kuniita jina langu. Wala hakuwahi kumwita mama yetu "mama." Alikuwa mtoto wa kike mwenye sura nzuri, mrefu kwa umri wake, na siku nzima aliweza kukaa barazani mwa nyumba yetu ya serikali pale Isiolo akipanga vifuniko vya soda, kimoja baada ya kingine, mstari ulionyooka kuliko wowote niliowahi kuuchora ubaoni. Ukisogeza kimoja, alilia mpaka akatapika. Malori ya jeshi yalipokuwa yakija kutoka kusini, alijiziba masikio kabla sisi wengine hatujasikia chochote.

Ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, waasi wa kaskazini waliopigana na serikali. Baba alikuwa karani wa ofisi ya mifugo, na tulikuwa tumeteremka kutoka Meru nikiwa bado shuleni. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama nzuri, nikapata nafasi ya kuendelea na kidato cha tano Nairobi. Baba akasema mama hawezi kumshika yule mtoto peke yake. Basi nikasomea ualimu karibu na nyumbani, nikarudi Isiolo kufundisha darasa la tatu. Sikubishana naye. Lakini sikusahau.

Kuhusu mdogo wangu kila mtu alikuwa na neno lake. Shangazi zangu kule Meru walisema kuna mtu alitutupia jicho. Jirani yetu, mama mmoja Mborana, alikuwa akisimama mlangoni, atoe salaam aleikum, amtazame mtoto kwa upole na kusema ni wa Mungu, mwacheni. Daktari wa hospitali alimpima masikio, akasema ni mazima. Baada ya hapo hatukumpeleka popote.

Ndipo akaja mwalimu mgeni. Alikuwa mwanamke wa umri wangu hasa, tulipishana miezi mitatu, mzaliwa wa Kakamega, na alikuwa amemaliza chuo kikuu Kampala. Chuo kimoja cha Uingereza kilikuwa kimempa nafasi ya shahada ya uzamili, asome juu ya watoto wasiosema na wasiotazama watu, watoto ambao wazungu walikuwa wameanza kuwapa jina. Siku hizi sisi tunasema usonji. Wakati ule neno hilo halikuwako kwetu; yeye alisema tu "watoto wa namna hii." Msimamizi wake alimtaka kwanza akusanye habari za watoto kadhaa wa nchi yake. Alikuwa ameomba kufundisha Isiolo kwa mwaka mmoja kwa sababu alisikia kwamba wafugaji hawawafichi watoto wao, na alipanga kwenda kwa wafugaji wa Merti na Sericho wakati wa likizo.

Hakwenda. Barabara zilifungwa, watu wakakusanywa katika vijiji vinavyolindwa, na kibali alichoomba mara tatu alinyimwa mara tatu. Akabaki amekwama mjini na madaftari yake matupu. Jumamosi moja akaja nyumbani kwetu kuazima pasi, akamwona mdogo wangu barazani. Pasi aliisahau.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi. Hakumsemesha mtoto wala hakumshika. Alikaa sakafuni hatua mbili kutoka kwake, akatoa vifuniko vyake mwenyewe mfukoni na kupanga mstari wake. Mimi nilikuwa nikifua nguo uani, nikiwatazama, nikicheka moyoni. Wiki ya tano mdogo wangu alinyoosha mkono, akachukua kifuniko kutoka mstari wa mgeni na kukitia katika mstari wake. Wiki iliyofuata alimwegemea begani.

Nilikuwa nimemwosha yule mtoto kwa miaka tisa. Nilimsuka nywele akinipiga mateke, nikamkimbiza sokoni, nikaacha kidato cha tano kwa ajili yake. Hata siku moja hakuwahi kuniegemea. Baba alitoka ndani akaona, machozi yakamlengalenga, akasema, "Kweli elimu ni kitu." Hakuniangalia alipokuwa akisema. Mimi niliinamia karai nikaendelea kusugua kola ya shati lake mpaka ikachanika.

Sikuwa mtu wa kuchukia, na mwalimu mwenzangu huyu hakuwa mtu wa kuchukiza. Shuleni alinisaidia kusahihisha madaftari. Aliniazima vitabu vyake, ila nilikuwa nikivirudisha bila kuvisoma. Nilionea wivu viatu vyake, mwandiko wake, namna alivyosema "msimamizi wangu." Zaidi ya yote niliona kwamba shida ya nyumba yetu, iliyonifungia mlango, ndiyo iliyokuwa ikimfungulia yeye.

Karibu na mwisho wa mwaka aliomba kumhoji mama. Alihitaji habari za mtoto tangu kuzaliwa, na mama hakuwa akisema ila Kimeru. Mimi nikawa mkalimani. Tulikaa sebuleni, yeye na kalamu, mama na mikono yake mapajani. Akauliza kama mtoto aliwahi kusema.

Mama alifikiri sana. Kisha akasema kwa Kimeru kwamba mtoto huyu hakuwahi kutamka neno hata moja, na kwamba tangu wiki za kwanza, akimnyonyesha, mtoto hakumtazama usoni bali alitazama mwanga wa dirisha. "Nilijua kabla ya mtu yeyote," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu niliogopa mtaniambia ni mimi."

Hayo alikuwa hajawahi kutuambia. Yalinichoma kwamba ameyatoa kwa mgeni. Nikamgeukia mwenzangu na kumwambia, "Anasema alikuwa akisema mama na maji, vizuri tu. Halafu akashikwa na malaria kali, akanyamaza."

Sikuwa nimepanga. Uongo ulitoka ukiwa umekwisha kuvaa nguo zake. Mwenzangu aliacha kuandika, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ndivyo mama anavyosema. Akaandika.

Jioni ile mama alinikuta jikoni nikichambua maharagwe. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Mimi Kiswahili sijui kukisema," alisema, "lakini kukisikia nasikia. Malaria ilitoka wapi?"

Niliendelea kuchambua maharagwe.

"Yalikuwa maneno yangu," akasema. "Utayarudisha."

Sikuyarudisha. Wiki mbili baadaye mwenzangu aliondoka na lori kwenda Nairobi, na kutoka huko Uingereza. Alinikumbatia, akanishukuru kwa kumfungulia nyumba yetu. Mdogo wangu alikataa kula siku tatu. Mimi nililala vizuri, na hilo nalisema kwa aibu.

Barua yake ilikuja baada ya miezi mingi. Alisema msimamizi amesoma habari za watoto wote aliowapata, wengine wa Nairobi na Kampala, na amemwondoa mdogo wangu katika utafiti. Mtoto aliyesema vizuri halafu akanyamazishwa na homa, alisema msimamizi, ni jambo jingine kabisa. Mwenzangu alisikitika kwa sababu ndiye mtoto aliyemfahamu kuliko wote. Alituma salamu kwa mama.

Nilifurahi. Nilitembea na ile barua mfukoni siku nzima kama mtu aliyeshinda kesi. Jioni nilimkuta mama akimlisha mdogo wangu uji, kijiko kwa kijiko, huku mtoto akitazama dirishani, na ndipo nilipoona nimefanya nini. Mama alikuwa amekaa na jambo lile miaka tisa. Siku aliyolitoa, nililipokea mikononi nikalitupa.

Ilinichukua wiki mbili kumwandikia barua ya kumjibu. Niliandika kila kitu, hata habari ya kola ya shati, nikaipeleka posta kabla moyo haujageuka. Jibu lilikuwa fupi. Aliandika kwamba alikuwa na hasira wiki nzima na bado anayo, kwamba sura ya tasnifu yake iliyomhusu mdogo wangu alikuwa ameitupa na kuandika nyingine. Kisha: "Sasa niambie mama alisema nini. Yote. Usimsaidie."

Tulianza Jumapili, mama na mimi, baada ya kanisa. Nilimuuliza, naye alijibu polepole, na mimi niliandika kwanza kwa Kimeru kama alivyosema, ndipo nikatafuta Kiingereza chake. Kazi iliyotakiwa iwe ya mchana mmoja ilikwenda miezi miwili. Mama alikumbuka lini mtoto alianza kutembea kwa ncha za vidole vya miguu, sauti zipi zilimtuliza, na kwamba alijua kurudi nyumbani kutoka sokoni kwa njia moja tu. Mara nyingine nilimkatiza nikamwambia mimi pia nilikuwako, mimi pia niliona. Akasema, "Basi andika na lako." Nikaandika na langu.

Mdogo wangu akarudishwa katika tasnifu. Vita vilipokwisha, mwenzangu alikuja mwenyewe kutuletea nakala. Sura ya nne karibu yote ilikuwa ya mama na mimi, tumetajwa kama "mzazi" na "dada wa mtoto," kama tulivyokubaliana. Nilitambua sentensi zangu moja moja. Jina lililokuwa juu ya jalada lilikuwa lake. Nilimpongeza, nikaenda uani nikasimama kidogo, kisha nikarudi kuchemsha chai.

Kabla hajaondoka alinisaidia kujaza fomu za kuendelea na masomo. Nilipata kidato cha sita kwa kusoma nyumbani, chuo kikuu nikiwa na watoto wawili, na shahada ya uzamili, juu ya usonji, nikiwa na mvi. Mama hakuwahi kuiona, alikuwa ameshatuacha. Mdogo wangu alikuwa anaishi nami, mwanamke mzima, mtulivu.

Katika mtihani wa mdomo mtahini mmoja aliniuliza kwa nini nimetumia kurasa ishirini kuandika juu ya wakalimani, ilhali utafiti ni juu ya watoto. Ningeweza kumtajia vitabu. Nilimweleza habari ya malaria. Aliuliza kama nataka jambo hilo libaki katika tasnifu, kwa kuwa halinipi sifa. Nikamwambia libaki, kwani wanafunzi watakwenda kwa akina mama wengine, na wataongea nao kupitia kinywa cha mtu kama mimi.

Walinipitisha. Mwenzangu aliniandikia barua ya pongezi kwenye karatasi yenye jina la idara anayoiongoza. Nililisoma jina la idara mara mbili, kisha cheo chake chini ya sahihi, na kile kitu cha zamani kikajinyoosha kifuani. Nilimjibu saa ile ile, nikiwa nimesimama, nikamwambia nimefurahi.