Wimbi la Ghorofa ya Tatu

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Ruwi, tukikaa ghorofa ya tatu, bibi yangu alitaka kumvuta mwanawe kutoka baharini kwa mgongo wake, na mimi nilikuwepo. Sikuhadithiwa. Ndugu zangu wakikwambia vingine, waulize walikuwa wapi. Walikuwa skuli. Mimi na skuli tulikuwa hatupatani, kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu.

Aliyekuwa baharini ni Ami Seif, mdogo wake baba, baharia wa meli za mizigo. Likizo yake ya mwisho, tumekaa kwenye sinia la wali, akatupa habari za baharia mwenzake, mtu wa visiwa vya Polinesia, huko Pasifiki. Wazee wa mtu huyo, alisema, walivuka bahari kubwa kwa ngalawa, bila dira. Mkuu wa chombo hulala chali, mgongo juu ya ubao, akayasikiliza mawimbi yanayotoka mbali. Na kile kisiwa anachokwenda hukishika moyoni, hakiachii. Kwake yeye ngalawa imesimama. Kisiwa ndicho kinachomjia.

"Na akikisahau?" Bibi akauliza.

"Basi tena, mama. Wamepotea wote."

Bibi akatafuna polepole. "Hayo sisi tunayajua zamani. Kwani kwa nini hatufagii nyuma ya msafiri? Sisi tuliobaki ndio kisiwa chake. Ukifagia nyayo zake umekifuta. Atarudi wapi?"

Ami akacheka mpaka akapaliwa. "Wallahi mama, ungezaliwa kule ungekuwa nahodha."

Akasafiri, na chumba chake hakikufagiwa siku ile, kama desturi. Kisha meli yao ikapotea. Kampuni ikaleta habari ya msiba, kadhi naye akasema mke akae eda. Nyumba nzima ikakubali isipokuwa Bibi. Akakataa hitima, akakataa chumba kiguswe na ufagio. Vumbi likalala juu ya kitanda cha Ami, na hapana aliyethubutu hata kulipuliza.

Kila baada ya Alasiri Bibi alitandika mkeka mle chumbani akalala chali, na mimi pembeni yake. Kweli, sakafuni kulikuwa na kitu. Mtetemo mdogo, unakuja, unakwenda, unakuja tena.

"Unasikia?"

"Nnasikia, Bibi."

"Wimbi hilo. Yuko njiani."

Lilikuwa pampu ya maji ya jengo, iliyokuwa chini kabisa. Nani aliijua kuliko mimi, niliyekwisha kupigwa makofi na bawabu kwa kuichezea? Lakini ningemwambiaje? Nilikuwa muongo, sikuwa katili.

Siku moja Bi Raya, mke wa Ami, akaja akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa kanga zake za kila siku, nyekundu, kwa kuwa Bibi hakumruhusu kuzivua avae nguo za eda.

"Mama, nnakuomba. Niruhusu nikae eda."

"Utamlilia vipi mtu yuko njiani?"

"Watu wananiuliza mume wangu hajambo. Niwajibu nini?"

"Wajibu hajambo. Sote tukimwachia, nani atabaki kumshika?"

Bi Raya akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mama, mimi nipo hapa mbele yako. Anayezama ni mimi."

Bibi akageuza uso ukutani, Bi Raya akaenda zake jikoni.

Kesho yake tukalala tena mkekani. Tukasikiliza. Kimya. Pampu ilikuwa imenyamaza, sakafu imekuwa kama jiwe. Bibi akajiinua, mkono ukutani.

"Lete ufagio."

Nikaogopa. "Ufagio umepotea, Bibi."

"Muongo mkubwa wewe. Uko nyuma ya mlango."

Alifagia mwenyewe, na mgongo ule mbovu, kutoka uvunguni mpaka kizingitini. Chini ya kitanda ikatoka kokwa ya tende aliyokula Ami asubuhi ya safari. Akaiokota, akaifunga kwenye pindo la mtandio. Vumbi lililobaki akalitoa nje.

Kisha akaita, "Raya! Njoo mwanangu. Njoo tumlilie."

Kilio kile sijakisikia tena, na misiba nimehudhuria mingi kuliko watu wengi hapa Mawaleh ninakokaa sasa.

Juzi mwanangu kanionyesha kwenye simu mzee mmoja wa Polinesia, anasema maneno yale yale ya Ami: kishike kisiwa moyoni. Mwanangu akasema, mafunzo mazuri hayo, baba. Nikamwambia ndiyo, mazuri. Sikumwambia kwamba ndani ya ngalawa huwamo na watu wengine, na kwamba bibi yake mkubwa aligeuka kuwatazama.

Na sasa, kwa kuwa nimezeeka kidogo, nikwambie jambo. Pampu haikunyamaza. Hilo nimelitia mimi. Miaka yote nimelihadithia hivyo, kwa sababu hivyo ni rahisi kulisikia. Siku ile ilinguruma kama kawaida. Mgongo wangu uliisikia, na wake uliisikia.

"Wimbi lipo," aliniambia. Kisha akainuka, akaomba ufagio.