Mvusha Wazee wa Algodones

Bibi huyu ndiye kiongozi wa matembezi, mvusha wazee mpakani. Kila kipupwe, tangu enzi za mumewe, huwatoa majirani kwenye kambi yao ya nyumba za magurudumu upande wa Marekani, akawapeleka Algodones, Meksiko, kutengeneza meno. Hutembea nyuma ya wote, kiganja mgongoni mwa aliyechoka. "Haya maharusi, theluji ya kwetu Saskatchewan, Kanada, haikuwaua, litawaua jua hili?"

Leo, kwenye foleni ya kurudi, askari alimwuliza anakwenda wapi. Akatabasamu tu. Jirani yake Verna aliona vidole vya bibi vikisokota kifungo cha sweta, akajua amesahau waendako.

"Kambini, mwanangu. Tuko pamoja," Verna akasema.

Walipovuka, bibi akamshika mkono.

"Alhamisi wazee wanataka kuona matuta ya mchanga, shoga. Wapeleke wewe. Na mimi unichunge."