Risasi za Mshipi

Mume wangu, aliyekuwa akivua Mkokoni, alinipigia simu: chubwi zake zote zimenasa mwambani na mshipi hauzami tena. Nikayeyusha risasi ya bomba kuukuu katika sufuria bovu, nikaimimina kwenye kalibu ya udongo, nikapata chubwi ndogo kama kokwa za tende.

Asubuhi, gatini Amu, askari mgeni kutoka bara akapapasa mfuko wangu.

“Nini hizi, mama?”

“Risasi,” nikajibu, maana ndilo jina lake.

Akaruka nyuma, mkono kwenye bunduki.

“Za kuvulia samaki, Bwana!”

“Samaki mnawapiga risasi?”

Nikaeleza mpaka koo likanikauka. Akasema nimngoje mkubwa wake. Boti ya Mkokoni ikang'oa nanga huku naitazama.

Mkubwa alipofika, akaipima moja kiganjani, akacheka. “Hizi si chubwi tu? Mwache mama aende zake.”

Niende wapi? Boti nyingine ni kesho. Nikarudi nyumbani nimefura kwa hasira, na salamu za majirani nikaziitikia kwa shida.