Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Hadi leo nikisikia birika likichemka, sikio langu linatafuta mlio mwingine chini yake, vipande vya ukoko mweupe vikigonga bati kama kuna mtu ndani anabisha atolewe. Huo ndio ulikuwa mlio wa nyumba yetu ya Laurel, mji tuliohamia huku ughaibuni, mwishoni mwa miaka ya tisini, apatimenti ya ghorofa ya pili nyuma ya barabara kuu, mimi nikiwa na miaka tisa na ndugu yangu Musyoka akikaribia kutimiza mwaka. Maji ya pale yalikuwa magumu. Ulisugua sabuni mpaka kiganja kikachoka na povu halikuja. Sufuria ziliota magamba, matundu ya bomba la kuogea yakaziba, nywele zangu zikawa kavu kama katani, na kila Jumamosi Mama alipozisuka alilaani maji kwa Kikamba na mimi nikalia kwa Kiingereza. Jengo zima lililalamikia ule ukoko, kwa sababu ulionekana. Kisichoonekana hakikuwa na wa kukilalamikia.

Mama alizaliwa Kitui, upande ule ambao mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Alianza kubeba maji mgongoni akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi wakati huo, kamba ya mtungi ikimkaa kipajini, na ukimtazama vizuri kwenye mwanga utaona kamba hiyo ilipopita. Mtu kama huyo humwambii aache bomba liende bure. Kwetu bomba halikufunguliwa kabla chombo hakijawa chini yake, na tone la kwanza liliangukia ndani ya sufuria. Asubuhi, akirudi kutoka shifti yake kwenye nyumba ya wazee, hata viatu hajavua, alikinga maji ya Musyoka ya siku nzima. Aliyakinga upande wa bomba wa maji ya moto ili yawahi kuchemka. Akayachemsha, akayaacha yatulie, akayamimina taratibu ili ukoko ubaki chini, kisha akayachemsha tena mpaka yakapungua nusu. Ndipo akakoroga maziwa ya unga. "Maji ya mtoto yanapikwa kama maharagwe," alisema, na hakuwa anatania. Alikotoka aliona watoto wakizikwa kwa sababu ya maji ambayo hayakuchemshwa. Hakuna mama katika jengo lile aliyehangaikia chupa ya mtoto wake kama yeye.

Jirani yetu Bi Zuhura, mtu wa Unguja aliyekuwa akipika vitumbua vya kuuza, alikuja jikoni kwetu kila siku kuazima kitu na kuacha maneno. "Mama Mwende, mwanangu, hayo maji ya mwanzo yamwage. Yamelala kwenye chuma usiku kucha, yana ladha ya ufunguo. Mimi chai yangu siipikii hayo."

"Nimwage maji, mimi?" Mama alicheka. "Mama yangu atafufuka aje anichape."

"Basi mwambie akifufuka apite na kwangu, anisaidie kusugua masufuria." Wakacheka wote wawili, na Mama akaendelea kukinga.

Masika yale Musyoka alianza kubadilika. Alikuwa mtoto wa kucheka na mtu yeyote, anatambaa mpaka mlangoni akisikia funguo za Baba, ambaye alisafisha ofisi kule Greenbelt na kurudi jioni ananuka dawa ya sakafu. Sasa alikaa pale ulipomweka. Alikataa uji, tumbo likafunga, akalia kilio chembamba kisichokuwa na haja unayoweza kuikidhi. Alikuwa na maneno mawili, "mama" na "nde", yaani mimi, Mwende. Yakapotea. Nilikuwa nikipiga magoti mbele yake baada ya shule, nasema "nde, nde, sema nde," naye ananitazama kama mtu anayesubiri basi. Mama aliamua ni maji magumu yanamkwama tumboni. Akafanya alichokijua: akayachemsha mara ya tatu.

Akamwita pia meneja wa jengo. Alikuja mchana, mwanamume mnene mwenye funguo kiunoni, akafungua bomba letu, akajaza glasi, akainywa yote mbele yetu na kupangusa mdomo. "Mama, maji ni magumu tu. Hayana neno. Madini hayo ni mazuri kwa mifupa." Akanikonyeza. Nimemfikiria mtu huyo miaka mingi kuliko anavyostahili. Alikunywa maji ya mchana, baada ya jengo zima kuoga, kufua na kupika. Ndugu yangu alikunywa ya alfajiri.

Kliniki walimtoa Musyoka damu kidoleni, kisha wakapiga simu warudie, safari hii mkononi. Waliposema damu yake ina sumu ya madini ya risasi, Mama hakuelewa yaliingiaje. Wakamuuliza kama mtoto anakula rangi ya ukutani, maana rangi za zamani huwa na risasi. Wakamuuliza ni nani anamwangalia mtoto yeye akiwa kazini. Alirudi nyumbani akapiga magoti, akapangusa kila ukuta kwa kitambaa chenye maji, maji hayohayo, akatupa sufuria alizotoka nazo Kitui, maana labda ni zenyewe. Baba alisimama mlangoni akimwambia, "Pumzika, Mama Mwende," naye akahamia ukuta mwingine.

Baada ya siku chache kliniki walimtuma nesi nyumbani, dada mpole, akaomba aonyeshwe jinsi chupa inavyotengenezwa. Mama alifurahi. Hatimaye kuna mtu wa kuona jinsi anavyojitahidi. Akamwonyesha yote: tone la kwanza, upande wa moto, kuchemsha, kutuliza, kuchemsha tena. Nesi, aliyekuwa akiitikia kwa kichwa, aliacha katikati. Akauliza, "Kila siku hivi?" Mama akasema, "Kila siku. Sijawahi kukosa hata moja." Ndipo yule dada akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akatueleza polepole kwamba risasi hutoka kwenye viungio vya mabomba ya zamani, kwamba maji yakilala humo huinyonya, ya moto zaidi, na kwamba ukichemsha, maji ndiyo yanayokwenda. Risasi inabaki. Akasema maji ya mtoto yakingwe upande wa baridi, baada ya kuachwa yaende mpaka yaume vidole kwa ubaridi. Mama alizima jiko. Alisimama ameshika mwiko, akasema kwa Kiswahili, bila kumwambia yeyote, "Kwa hiyo nilikuwa naikoleza."

Wenye jengo walibadilisha kipande cha bomba chini ya sinki letu na kupaka ngazi rangi. Milango mingine hawakuigonga. Bi Zuhura ndiye aliyeigonga yote, akiwa na sahani ya vitumbua ili watu wafungue na kusikia habari ya maji.

Sasa nina binti wa miezi minane na ninaishi Silver Spring. Watu husema yamepita, dawa ilikuwepo, mbona kijana mzima yule. Ndiyo, ni mzima. Hupanga bidhaa dukani, na kila mwezi, mmoja wetu humsaidia kusoma barua zake. Husahau alikoegesha gari, husahau siku ya kuzaliwa ya Mama, hukasirika katikati ya sentensi kwa sababu neno limemkimbia. Sijasamehe, na sitaki kufundishwa kusamehe na mtu ambaye hakusahauliwa jina na ndugu yake.

Jumapili iliyopita Mama na Musyoka walikuwa kwangu. Musyoka alichukua chupa ya binti yangu, akafungua bomba, upande wa baridi, akaweka vidole chini ya maji na kungoja. Hilo hajawahi kulisahau hata mara moja. Mama alikuwa pembeni. Aliyaona maji yakienda bure, na mkono wake ukanyanyuka wenyewe kufunga bomba, kama unavyonyanyuka siku zote. Akaushusha. Akaushika kwa mkono mwingine, akaukandamiza kifuani, na maji yakaendelea kumwagika.

"Bado, Mama," Musyoka alisema. "Bado hayajauma vidole."