Propela Niliyoikataa Kitangiri

Mwezi uliopita nilisimama kando ya Ziwa Kitangiri, mahali ilipokuwa gati yetu ya magogo, nikakuta pamepandwa mahindi. Maji yamerudi nyuma mbali. Harufu tu ndiyo ile ile, ya matope na samaki wa kukaushwa. Nilicheka peke yangu, rafiki yangu, kwa sababu hapo ndipo nilipofukuzwa kazi kwa muda wa robo saa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Singida mjini yalipoanza kujaa vitu vinavyong'aa. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alileta boti ya injini kuvusha watu wa mnada. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Baba na mama walikuwa wamefariki, na wadogo zangu watatu walinitegemea. Jirani yetu, fundi aliyewahi kufanya kazi Mwanza, alinifundisha kuendesha, na mwenye boti akaniajiri. Mjomba alikuwa ameshasema: siku nikikosa kazi atawagawa watoto, wawili Kinampanda, mmoja Rungwa kwenye mizinga ya nyuki.

Fundi alikuwa mkali. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi kabla ya kuwasha, ili ukianguka, izime. Maboya hatukuwa nayo, kwa hiyo kila abiria alikumbatia dumu tupu lililofungwa kifuniko. "Dumu halipo, safari haipo," alizoea kusema. Na kuhusu propela: "Ni kama jembe, binti. La kichangani usilipeleke kwenye mfinyanzi. Mapanga yake yaliyopinda sana ni ya mbio, boti ikiwa nyepesi. Yaliyolala ndiyo yanayosukuma mzigo."

Siku moja ya mnada mwenye boti akaja na propela mpya, mapanga yamepinda sana, inang'aa kama sufuria ya harusi. Aliifunga mwenyewe. Tuliijaribu boti ikiwa tupu, ikaruka juu ya maji, akapiga makofi. Kisha wakapanda kina mama, magunia ya viazi, mbuzi.

Hatukufika mbali. Injini iligugumia kama mtu aliyebebeshwa gunia asiloliweza, pua ya boti ikainuka, nyuma ikazama, maji yakaanza kulamba ukingo. Nilipunguza moto taratibu, nikageuza, nikarudi gatini.

"Unarudi wapi?" mwenye boti alifoka kutoka juu ya magunia.

"Samahani mzee. Propela hii haiwezi mzigo huu. Turudishe ya zamani."

"Darasa la sita ndilo linalokufundisha injini? Shuka! Huna kazi!"

Nilimwona mjomba pale ufukweni, amekuja mnadani, amesimama mikono nyuma. Alikuwa amesikia kila neno. Lakini nilishuka na kamba ikiwa bado mkononi mwangu, nikasema kwa sauti, "Kazi chukua. Watu sizamishi."

Kisha bibi mmoja akainuka na dumu lake. "Mbuzi wangu hajui kuogelea," alisema, "na mimi ndiye niliyemfundisha." Wakacheka, wakashuka wote, mmoja mmoja. Mwenye boti alibaki na magunia.

Alitazama maji, akatazama abiria wake, mwishowe akanirushia spana. "Funga hilo jembe lenu kuukuu."

Nililifunga mbele ya macho yao, nati na pini yake, mikono yangu imejaa grisi. Tukavuka polepole, bila sifa yoyote. Niliporudi jioni mjomba alikuwa ameondoka bila kuaga.

Boti ile ilioza. Fundi amelala makaburini, na siku hizi watu hupita barabarani. Vijana wa pale hawaamini kwamba msichana aliwahi kuendesha injini ziwani. Wasiamini. Wadogo zangu walikulia nyumba moja, wakala sufuria moja, wakagombania blanketi moja. Hakuna aliyewagawa.