Mashamba ya Sa Ambrose na Kipande cha Rael

Rael Chepkoech alimwita mzee "Sa", yaani bwana kwa Kiingereza, tangu siku ya kwanza, kama alivyozoea kumwita kila mwanamume wa Doha aliyemzidi umri. Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa umelegezwa na kiharusi.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Ameniambia nini, Sa?"

Binti yake, Jennifer, ndiye aliyemweleza Rael baadaye jikoni. Baba yake, Ambrose Tressick, alikuwa baroneti. Hicho ni cheo cha Kiingereza kisichotafutwa kwa kazi wala kwa kura. Mtu hukirithi katika ukoo, na kuanzia hapo huitwa Sa mpaka kufa.

"Wewe endelea tu," Jennifer akasema. "Anapenda."

Rael alitoka Bomet akiwa msichana wa kazi za nyumbani. Alianzia kwa familia moja katika mtaa wa Abu Hamour hapo Doha, akasomea kutunza wagonjwa siku zake za kupumzika, kisha akaajiriwa na Jennifer, mwalimu wa sekondari aliyeishi mtaa wa Al Thumama. Kazi yake ilikuwa kumwogesha mzee, kumpa dawa na kumtembeza. Nje jua lilikuwa kali mno, basi walitembea ndani ya maduka makubwa yenye ubaridi, mzee akiegemea toroli la kununulia vitu. Alikataa katakata kushika mkongojo.

Katika matembezi hayo alimsimulia maisha yake. Hakutarajia kuwa Sa. Alikuwa mtoto wa pili, akasomea ujenzi wa bandari, akafanya kazi nchi za mbali. Kisha kaka yake akafa bila mtoto, na Ambrose akaitwa nyumbani kupokea cheo, jumba la ukoo lililovuja kila chumba, na mashamba ya kondoo yaliyokodishwa kwa familia zilezile tangu enzi za babu yake. Jumba aliliuza. Mashamba aliyashika. Alijifunza kujenga kuta za mawe zisizo na saruji, na kuzalisha kondoo kwenye theluji pamoja na wapangaji wake.

"Hapo ndipo nilipofurahi," alisema. "Si kwenye cheo. Kwenye tope."

Aliendelea hivyo mpaka mkewe alipofariki, kisha kiharusi kikampata, Jennifer akamleta Doha.

Asubuhi moja Rael alitembea kimya. Mzee akasimamisha toroli mbele ya duka la vyombo.

"Umepatwa na nini?"

Rael hakupenda kuleta mambo ya kwao kazini, lakini yakamtoka. Baba yake alifariki mwaka uliopita. Kaka yake mkubwa, Japheth, alikuwa amepiga simu kusema kwamba Jumamosi wangegawana shamba, yeye na wadogo zake wa kiume. Alimpa Rael habari tu, kama mtu anayemwambia jirani.

"Nawe ulimwambia nini?"

"Nilisema sawa."

"Unalitaka?"

"Ndiyo, Sa. Nimelima pale. Ile chai ya juu tuliipanda mimi na baba."

Mzee alishika toroli bila kulisukuma. Kisha akasema kwamba cheo chake kitakwenda kwa mtoto wa binamu yake, kijana aliyemwona mara moja tu, kwa sababu Jennifer ni mwanamke. Kuhusu cheo, sheria haikumpa nafasi ya kuchagua. Lakini ardhi ilikuwa yake kugawa, na siku zote alikuwa amepanga ifuate cheo, kama walivyofanya waliomtangulia.

Jioni hiyo walipokuwa mezani alimgeukia binti yake.

"Jenny, ungependa kuwa na yale mashamba?"

Jennifer akaweka uma chini. "Miaka hii yote hujawahi kuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

"Naam, nayataka, Baba." Akaanza kulia, na mzee akampapasa mkono kwa ule mkono wake mzima, mpaka mchuzi ukapoa.

Siku iliyofuata Rael alimpigia Japheth.

"Ile sawa yangu naifuta," akasema. "Mimi pia ni mtoto wa baba. Nataka sehemu yangu."

"Dada, wewe si utaolewa?" Japheth akauliza.

"Nikiolewa, nitakuwa nimeacha kuwa mtoto wake?"

Simu ikachukuliwa na mama yao, Pamela. "Japheth, mpe dada yako sehemu yake," alisema kwa sauti ya kuchoka, kisha akamwuliza Rael kama anakula vizuri.

Jumamosi ilipofika, ndugu mmoja wa baba yao alipinga hadi mwisho. Hata hivyo Rael alipewa mteremko ulio chini ya chai, kuelekea mtoni. Ulikuwa mdogo kuliko sehemu za kaka zake, naye alimwambia Japheth hivyo waziwazi kwa simu. Japheth akaahidi wangezungumza tena ana kwa ana.

Wakati wa likizo, Jennifer alikwenda kukutana na wapangaji wa mashamba ambayo sasa yangekuwa yake, huku yule mtoto wa binamu akiendelea kungoja cheo tu, bila ardhi. Desemba Rael naye alifika Bomet na miche ya parachichi aliyoinunua njiani. Walisimama kwenye mteremko, yeye na Japheth, wakibishana kwa nguvu njia ya kwenda mtoni ipite wapi. Japheth alitaka ipite katikati ya kipande cha Rael. Rael akapiga kigingi cha kwanza pembeni, akamwambia amshikie kamba ya kupimia.

Akaishika.