Kigari Kilichozeeka Kikiwa Kimesimama

Saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi hajamaliza hata kufungua geti, Mama Betri amekwisha kuingia yadini. Anasukuma toroli lenye betri kubwa ya lori, na shingoni amejitundika nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi. Anafungua boneti ya gari la kwanza, anabana nyaya, anaingia ndani na kuzungusha ufunguo. Gari linakohoa, linagoma, linakohoa tena, halafu linaitika.

"Umeamkaje, bibie?" analiuliza, huku akilipapasa usukani.

Analiacha lingurume kidogo, kisha analisogeza mbele nusu mita na kulizima. Kesho atalirudisha nyuma nusu mita ileile. Gari likisimama mahali pamoja muda mrefu, anaeleza, tairi hubonyea upande mmoja na betri hufa. Kwa hiyo kila siku lazima liamshwe na lijinyooshe kidogo, hata kama haliendi popote.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kwa lugha ya ofisini anaitwa mhudumu wa yadi, lakini hakuna anayemwita hivyo. Kwa watu wote yeye ni Mama Betri, mwamsha magari, na kazi hiyo ameifanya mwaka wa tisa sasa katika yadi hii ya magari yaliyotumika, yanayotoka ng'ambo na kusubiri wanunuzi.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Magari yalikuwa hayakai. Yadi ilikuwa ikiuza ishirini na kitu kwa mwezi, na gari alilolishika leo, keshokutwa alilikuta limeshapata mwenyewe. Siku hizi wakiuza manne wanashukuru Mungu.

"Sasa nayajua tabia kama watoto wa kuzaa," anasema. "Lile la bluu linataka kubembelezwa. Hili la kijivu lina kiburi, ukilikazania halikusikii. Hayakutakiwa kunizoea hivi. Gari likimzoea mwamshaji, ujue kuna mahali mambo yameharibika."

Mambo yameharibika, na aliyeyaharibu anajulikana. Bajeti ya mwaka juzi ilikuja na ushuru mpya wa umri. Gari lililofikisha miaka minane tangu litengenezwe hulipiwa nyongeza, nusu nzima ya thamani yake. Na thamani yenyewe si bei uliyonunulia. Serikali ina jedwali lake la bei, na jedwali hilo halijali kama gari ulilipata kwa bei ya kutupa au limebonyea ubavuni. Likisema gari ni ghali, basi ni ghali.

Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri masikioni: kulinda hewa na kuwaepusha wananchi na magari chakavu. Nani atapinga hewa safi? Lakini simama nje ya geti la yadi hii uangalie barabarani. Yanapita magari yenye umri wa kijana wa kuoa, milango imefungwa kwa kamba na silensa zinatapika moshi mweusi. Wenyewe hawayapendi. Wameng'ang'ania hayohayo kwa sababu yale ya afadhali, yaliyo ndani ya ukuta huu, hayashikiki bei. Sheria iliyokuja kuondoa mikweche ndiyo inayoitunza.

Mama Betri angeweza kuyatazama haya yote kwa mbali, kama watu wengi. Lakini kuna kigari.

Ni kigari cheupe cha mizigo, kidogo, chenye boksi lililofunikwa nyuma. Kilipoingia yadini kilikuwa na miaka saba. Siku ya kwanza alipokiamsha kiliitika mara moja bila hata kuongezewa betri, na yeye akakaa kwenye kiti kile akiwaza goti la mumewe.

Mumewe husambaza mikate. Kwa miaka mingi amebeba mikate ya tanuri moja la mtaani kwa baiskeli yenye kreti la mbao nyuma, akizungukia maduka kabla watu hawajanywa chai. Goti lake la kulia limechoka. Akishuka kwenye baiskeli husimama kwanza ameshika ukuta, na ukimuuliza atakwambia anaangalia hali ya hewa.

Hilo la goti wangelimudu. Lakini mwaka huu ofisi ya afya nayo ikatoa agizo: mikate yote isafirishwe kwa gari lililofunikwa, si kwa baiskeli wala mkokoteni. Mwoka mikate aliwahi kupigwa faini mara moja na hataki ya pili. Alimweleza mumewe Mama Betri kwa upole kabisa kwamba kazi ni yake akipata gari, na asipopata hadi mwisho wa mwezi ujao, kuna mtu mwenye gari ameshakuja kuulizia.

Tuelewane vizuri hapa, maana ndipo moyo unapochoma. Ofisi moja ya serikali inamwambia mtu huyu bila gari hafanyi kazi. Ofisi nyingine ya serikali hiyohiyo, pengine jengo la jirani, inahakikisha gari halipati. Hakuna aliyevuka korido kwenda kumuuliza mwenzake.

Tajiri wa yadi, mzee mfupi anayetembea na funguo kiunoni kama mke mkubwa, alimkubalia Mama Betri akinunue kigari kile kwa kukatwa mshahara kidogo kidogo. Bei ya kununua ikawa imepatiwa njia, ingawa makato bado yanaendelea. Ukabaki ushuru, ambao hulipwa siku gari linapotoka getini. Kwa huo, yeye na mumewe walitegemea kikundi chao cha akiba, ambacho huvunja kibubu kila Desemba.

Na hapa Mama Betri anainamisha macho, kwa sababu kuna kosa, na kosa ni lake.

Aliogopa kigari kisije kikaonwa na mnunuzi mwenye fedha mkononi, tajiri akaghairi. Kwa hiyo kila alipokiamsha, badala ya kukirudisha palepale, alikisogeza nyuma zaidi. Nusu mita leo, nusu mita kesho, hadi kikafika kwenye ukuta wa nyuma kabisa, kimezibwa na safu za magari makubwa. Mwenye shule mmoja alikuja kutafuta kigari cha aina hiyo. Tajiri akauliza kama hakuna kimoja kule nyuma. Mama Betri akajibu kipo, ila betri yake imekufa.

"Mimi huyu," anasema na kucheka kidogo bila furaha. "Mimi niseme betri imekufa. Ulimi wangu wenyewe ulinishangaa."

Kibubu kikavunjwa siku chache kabla ya mwaka kuisha. Fedha zikawa tayari kwenye simu. Utaratibu ni kwamba afisa wa ushuru huja, hulikagua gari likiwa getini, ndipo mwenyewe hulipa na kutoka. Siku ya mwisho ya kazi kabla ya sikukuu afisa alikuja, na yadi nzima ikajaa watu, maana kila mmoja alikuwa akiukimbia mwaka mpya. Umri wa gari huhesabiwa kuanzia mwaka lilipotengenezwa hadi mwaka linapotoka getini. Saa sita ya usiku wa mwaka mpya magari yote ya rika moja huzeeka kwa pamoja.

Kigari kilikuwa ukutani. Mbele yake kulikuwa na safu tatu za magari, na hakuna gari linalopita juu ya jingine. Ilibidi aamshe moja baada ya jingine na kulisogeza pembeni. Mengine hayakuwa na mafuta, mengine yaligoma. Alikimbia na toroli lake tangu asubuhi, nyaya zikimchapa kifuani, huku kila baada ya muda akipiga kelele kuelekea getini kwamba anakuja.

Yalipobaki magari mawili tu mbele ya kigari chake, afisa alifunga mkoba. Mama Betri alimwomba asubiri nusu saa. Alimwambia gari lile pale, analiona boksi lake jeupe linachungulia. Afisa alichungulia kweli, kwa adabu, kisha akatazama saa.

"Mama, muda wa kazi umekwisha," alimwambia. "Sikukuu njema. Tutaonana mwakani."

Walionana mwakani. Kigari kilikuwa kimefikisha miaka minane. Nyongeza ya ushuru ilikuwa sawa na mishahara yake ya miezi kumi na moja, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba.

Mumewe aliposimuliwa alilikanda goti lake kwa mafuta. Halafu akauliza kigari kimetembea kilomita ngapi tangu kifike yadini. Mkewe akapiga hesabu ya nusu mita za mbele na nyuma, akasema haifiki hata moja.

"Basi kimekula chumvi nyingi bila kutoka nyumbani," mumewe akasema. Wakacheka wote wawili, na baada ya kucheka hawakuweza kula.

Mtu anaweza kusema ajilaumu mwenyewe, kwani nani alimtuma kukificha? Yeye mwenyewe husema hivyo kila siku, na alishaungama kwa tajiri, ambaye alimfokea asubuhi na jioni akamletea chai. Lakini kosa la mama anayeficha kitu anachokitamani ni kosa la kibinadamu. Je, sheria inayozeesha gari lililosimama uani, lisilotoa moshi hata wa kumkohoza kuku, nayo ni ya kibinadamu? Hewa ya nani ilichafuka usiku ule wa mwaka mpya?

Mwezi uliopita wananchi waliitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu bajeti ijayo. Mama Betri alivaa nguo yake ya harusini na kwenda. Nje ya ukumbi lilikuwa limeegeshwa gari la afisa mkubwa wa hazina, jipya, linang'aa, la aina ambayo wakubwa huletewa bila ushuru. Dereva alikuwa ameliacha likiunguruma ili kiyoyozi kisizime. Liliunguruma tangu mkutano ulipoanza hadi ulipokwisha, na ndani afisa alieleza kuhusu hewa safi.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wahenga walishasema. Hawakusema kwamba aliyeshiba ataandaa na mkutano wa kumwuliza mwenye njaa maoni yake kwa dakika mbili.

Zamu yake ilipofika, Mama Betri alishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Alikuwa amejiandaa. Lakini alianza kueleza kazi yake, akaeleza tairi zinavyobonyea, akaeleza nusu mita, na ukumbi ukaanza kucheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, uliza swali." Akababaika. Dakika mbili zikaisha, kipaza sauti kikaenda kwa mwingine. Afisa akasema maoni yote yamepokelewa.

Swali lilimjia akiwa nje, amesimama karibu na lile gari linalounguruma. Alilisema kwa mwandishi wa makala hii, kwa sauti ya kawaida, bila kipaza sauti.

"Mtu akichelewa kazini nusu saa anakatwa mshahara wa siku. Sawa. Mimi nimechelewa nusu saa, kwa nini nikatwe mwaka mzima?"



Kuna tetesi, na yadini tetesi husafiri haraka kuliko magari. Inasemekana bajeti itakayosomwa mwezi huu huenda ikabadilisha hesabu, umri wa gari upimwe kwa siku lilipoingia nchini, si siku linapotoka getini. Wafanyakazi wa yadi kadhaa wamelipigia kelele jambo hilo, Mama Betri akiwemo. Ikiwa hivyo, kigari chake kitarudi kuwa na miaka saba, na akiba iliyobaki kwenye simu itatosha. Isipokuwa hivyo, mwisho wa mwezi ujao mikate ya mtaa itapakiwa kwenye gari la mtu mwingine.

Tajiri wa yadi hana matumaini makubwa. Anasema ameshasikia bajeti nyingi, na kila moja ilikuja kumsaidia mwananchi hadi mwananchi akakoma. Lakini wiki iliyopita Mama Betri alimwomba ruhusa ya jambo moja, naye akamkubalia bila hata kuinua macho.

Alianza mapema. Aliamsha safu tatu za magari, moja baada ya jingine, safari hii bila kukimbia, akayapanga upya. Kisha akakitoa kigari ukutani, akakipitisha katikati ya yadi na kukiegesha mbele ya yote, pua imegusa geti. Ilikuwa safari yake ndefu kuliko zote tangu kivuke bahari.

Aliulizwa kama haogopi sasa, maana hapo kila mnunuzi anayeingia anakiona. Alicheka.

"Wa kukinunua yuko wapi? Kwa bei hii hata mwizi atakiacha."

Asubuhi hii anakifikia kigari mwisho kabisa, baada ya kuyaamsha mengine yote. Hakibani nyaya. Anazungusha ufunguo na kigari kinaitika mara moja, kama siku ya kwanza. Ni Jumanne, zamu ya kurudi nyuma, kwa hiyo anakirudisha nusu mita kutoka getini, anakizima, na kukaa kidogo ameshika usukani.

Nje ya geti, mumewe anapita na baiskeli yake, kreti limejaa. Anapiga kengele mara mbili bila kusimama, maana akisimama itabidi ashike ukuta.

"Bajeti ikisomwa vizuri," anasema Mama Betri, macho yakimfuata mumewe hadi kwenye kona, "nitakisogeza mbele siku hiyo. Na kesho yake sikirudishi nyuma."